Namna ya kumsimulia ndugu yako mwaka mzima

"Habari za siku nyingi?" hujibiwa "nzuri", na habari zenyewe zinaishia hapo. Ndugu aliyeko Muskati, Minneapolis au hata Mbeya anabaki akijua mambo ya mwaka juzi: anadhani bado unakaa kule kule, mtoto bado anatambaa, cherehani bado imefunikwa shuka. Kumpa mwaka mzima kwa mkupuo kunataka jioni mbili, moja ya kukusanya na moja ya kusimulia. Wengi huiruka ya kwanza. Matokeo yake barua inajaa mambo ya Novemba na Desemba, kwa sababu ndiyo pekee yaliyobaki kichwani.

Jioni ya kwanza, fungua kurasa mbili za daftari zinazotazamana, uchore visanduku 12, kila mwezi na chake. Usijaze kwa kukumbuka. Anza na vitu vyenye tarehe.

Picha za simu ndizo za kwanza. Simu nyingi za Android huandika tarehe ndani ya jina la faili: IMG_20250614 ni picha ya tarehe 14 Juni 2025. Ukihamisha picha kwenda simu mpya kwa kebo au kadi, tarehe inayoonekana kwenye orodha inaweza kugeuka ikawa ya siku ya kuhamisha. Jina hubaki lilivyokuwa, kwa hiyo liamini jina. Picha za WhatsApp ni habari nyingine. IMG-20250614-WA0007 inataja siku picha ilipopita kwenye WhatsApp yako, si siku ilipopigwa. Picha ya harusi ya Machi iliyorushwa kwenye kundi la ukoo mwezi Juni itakufanya uandike kwamba harusi ilikuwa Juni, na bibi harusi atakuwa wa kwanza kukusahihisha.

Pili, miamala ya simu. Ada ya shule, kodi ya nyumba, mchango wa harusi, rambirambi, nauli: kila ujumbe una siku, saa na jina la mpokeaji. Ukiwa umeufuta, programu nyingi za mitandao ya simu hutoa taarifa ya miamala ya miezi iliyopita. Kwa aliye Tanzania, risiti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zina faida ya pekee. Namba ya mita ina tarakimu 11, na pale inapobadilika ndipo ulipohama, hata kama wewe mwenyewe unabishana na mwenzako kama ilikuwa Mei au Julai. Kadi ya kliniki nayo inakupa uzito wa mtoto na tarehe, mwezi kwa mwezi.

Yasiyo na karatasi yafunge kwenye misimu: masika, vuli, likizo ya shule, Nanenane. Kuwa mwangalifu na sikukuu zinazofuata mwezi mwandamo. Nchini Tanzania Idi el-Fitri ilikuwa 10 Aprili mwaka 2024 na 31 Machi mwaka 2025, hivyo "wakati wa Idi" hakutoshi, taja na mwaka. Vilevile "usiku wa Ijumaa" kwa wazee wengi wa pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, wakati kijana wa mjini anaelewa Ijumaa yenyewe baada ya jua kuzama. Andika "kuamkia" na utata unakwisha.

Utapata mambo 30 au 40. Usiyapeleke yote. Kila moja liulize: je, linabadilisha namna ndugu huyu atakavyonitafuta, atakavyonisaidia au atakavyoniombea? Kuhama, kazi, ndoa, mtoto, ugonjwa wa muda mrefu na masomo hupita. Simu iliyovunjika kioo haipiti. Bakiza sita au saba. Jambo la mtu mwingine, kama mimba ya mdogo wako au posa ya binamu, liache mpaka mwenyewe akuruhusu. Habari ya msiba usiichomeke katikati ya habari nyingine. Msiba hupigiwa simu, tena mara nyingi anapigiwa kwanza mtu aliye karibu na mfiwa ili awepo naye anapoupokea. Kama ndugu alishajua, uanze na pole.

Namba mpya ya simu inastahili tahadhari yake. Ujumbe wa "hela tuma kwenye namba hii" umewaliza watu wengi, kwa hiyo ndugu mwenye akili atakushuku. Itangaze kwa sauti yako au kwa simu ya picha, na usitaje pesa kabisa katika mazungumzo hayo. Namba ya zamani iondoe kwenye akaunti zako, kwa kuwa laini iliyolala muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine.

Sasa hobi, ambazo watu huzimaliza kwa sentensi moja: "nimeanza kushona". Hapo ndipo barua huwa tamu, basi zipe nafasi. Toa idadi, toa kilichoharibika na sababu yake, kisha sema uko wapi sasa. Mfano: "Nimeshona magauni manne. La kwanza lilinibana kwa sababu nilikata kitenge kabla ya kukifua, kikasinyaa. La tatu ndilo lililokaa vizuri kwapani. Zipu bado inanishinda." Aliyekimbia aseme umbali na muda, na goti lilimsumbua mwezi gani. Mwenye bustani aseme ana matuta mangapi ya mchicha na kuku waliparua mara ngapi. Hobi uliyoiacha itaje pia, maana kuna mjomba anayeendelea kukununulia nyuzi za kazi uliyoiacha tangu Februari. Picha ya kazi ya mikono ipige mchana kivulini, lenzi ukiifuta kwanza kwa kitambaa laini, na ulaze kanga pembeni: kila mtu anajua ukubwa wa kanga, hivyo ukubwa wa mkeka wako utaeleweka bila futi.

Jioni ya pili, chagua njia. Mzee asiyeona vizuri atafurahia sauti. Rekodi vipande vya dakika mbili hadi tatu, kila kimoja na jambo lake. Kipande cha dakika 12 mtu hukisikiliza nusu, akakatizwa na simu, asirudi tena. Maneno 300 yaliyoandikwa ni kama dakika tatu za kusema bila haraka. Usirekodi karibu na feni wala barabarani. Anayependa kusoma mwandikie ukurasa mmoja au miwili.

Anza na salamu kamili kwa cheo chake, "Shikamoo shangazi", umjulie hali na watoto wake kwa majina, ndipo uingie na "ama baada ya salamu". Anza na jambo kubwa, hata kama lilitokea Oktoba. Mpangilio wa Januari hadi Desemba humfanya msomaji asubiri kurasa nzima kujua kwamba umeoa. Kabla ya kutuma, soma kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani: atasikia tarehe iliyokosewa na jina lililosahaulika.

Malizia kwa maswali matatu yanayomhusu yeye, yasiyojibika kwa "nzuri": mguu uliofanyiwa upasuaji sasa unakanyaga? Bado anafuga njiwa? Yule mjukuu alichagua masomo gani? Nakala ya barua ibaki ndani ya daftari lile lile, na ukurasa unaofuata uchore visanduku vingine 12. Kila unapolipa kodi au kununua umeme, andika mistari mitatu kwenye kisanduku cha mwezi huo.