Kujifunza Kuchora Sura kwa Kunakili "Msichana Mwenye Hereni ya Lulu"

Anayeanza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta atanufaika zaidi akinakili kazi ya fundi wa zamani kuliko akimketisha ndugu yake kitini, kwa kuwa picha haichoki, haipepesi macho, na mwanga wake hauhami. Ninapendekeza "Msichana Mwenye Hereni ya Lulu", aliyoichora Mholanzi Johannes Vermeer mnamo mwaka 1665 hivi, ambayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mauritshuis mjini The Hague. Ina sentimita 44.5 kwa 39 tu, hivyo inanakilika kwa kipimo chake halisi.

Chora kwanza kichwa, kilemba na bega kwa mkaa, ukiwa umeigeuza picha chini juu ili macho yapime maumbo badala ya kutafuta pua na mdomo. Kisha, kama Vermeer mwenyewe alivyofanya, weka vivuli kwa rangi za kahawia na nyeusi, zikiwa zimezimuliwa kwa tapentaini, na uziache zikauke. Kila tabaka linalofuata liwe na mafuta ya kitani mengi kidogo kuliko lililo chini yake, kwani la juu likitangulia kukauka, rangi hupasuka.

Ugumu wenyewe uko puani. Ukitazama kwa makini utaona kwamba mwamba wa pua umeungana na shavu la mbali bila mstari wowote, kwa sababu vyote viwili vimepigwa na mwanga uleule. Mimi niliuchora mstari huo mara mbili bila kujua, na mara zote mbili msichana akageuka kinyago. Dawa ni kufinya macho mpaka yabaki mabaka ya mwanga na giza tu, kisha kupaka hayo unayoyaona.

Sehemu ya buluu ya kilemba haina taabu: buluu ya altramarini iliyochanganywa na nyeupe inatosha.

Hereni iachwe mwisho. Haina mzingo wala kikulabu cha kuining'iniza. Ni doa zito jeupe juu, na chini yake mwakisiko hafifu wa ukosi mweupe, basi. Weka miguso hiyo miwili kwa brashi laini, kisha iweke brashi chini, maana mguso wa tatu ndio unaoigeuza lulu kuwa gololi.