Kumleta Kangal Tanzania: hesabu ya wiki, kreti na mbung'o

Tangu mbuzi wangu waanze kulala chini ya ulinzi wa mbwa aina ya Kangal, simu za wafugaji haziishi. Karibu wote huanza na bei. Mimi huwarudishia swali: huyo mtoto wa mbwa atalelewa na nani, na wapi, hadi afikishe wiki 16? Kwa sababu pesa ukikosa mwaka huu utapata mwakani, lakini hizo wiki zikipita vibaya hakuna wa kukurudishia.

Kangal ni mbwa wa wachungaji wa Anatolia ya kati, Uturuki, na jina lake ni la wilaya ya Kangal katika mkoa wa Sivas. Ana rangi ya mchanga, uso na masikio meusi, na dume aliyekomaa hupita kilo 50 na kimo cha begani hukaribia sentimita 80. Haswagi mifugo. Anaishi ndani ya kundi, anabweka, anajiweka kati ya mbuzi na kile kinachokuja, na mara nyingi fisi au chui huona heri aende zake. Namibia wamelithibitisha hilo kwa muda mrefu: shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa ukoo huu tangu 1994, na wafugaji wengi waliowapokea wameripoti hasara kupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Duma nao wamenusurika, maana mfugaji asiyepoteza mbuzi hana sababu ya kuchukua bunduki.

Mimi nafugia Simanjiro. Nitaeleza nilivyofanya, na pale nilipokosea nitasema.

Hatua ya 1: Jiulize kama ni yeye unayemhitaji

Ukitaka mbwa wa geti mjini, usilete Kangal. Anabweka usiku kucha, anataka eneo kubwa, na anaamua mambo mwenyewe bila kusubiri amri yako. Hiyo ndiyo kazi aliyozalishiwa kwa vizazi. Kwa nyumba yenye ukuta, Boerboel wa Afrika Kusini anafaa zaidi na safari yake ni fupi. Kama una mbuzi au kondoo na zizi lako linavamiwa, endelea kusoma. Panga wawili, dume na jike wasio ndugu. Mmoja peke yake mbele ya kundi la fisi ni kumwonea.

Hatua ya 2: Mtafute mzalishaji mwenye kondoo

Uturuki hairuhusu Kangal kutoka nje ya nchi bila kibali maalumu, kwa hiyo wengi wetu tunanunua Ulaya au Marekani. Denmark iondoe kabisa kwenye ramani yako, hata kwa kupitia, kwa kuwa Kangal yumo kwenye orodha ya mbwa waliopigwa marufuku huko mwaka 2010. Nilipata wangu Uholanzi.

Usishtuke ukiona hati za mababu zimeandikwa mbwa mchungaji wa Anatolia. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lilibadilisha jina na kumwita Kangal mwaka 2018 tu. Kinachostahili macho yako zaidi ni picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. FCI hupima nyonga kwa herufi kuanzia A hadi E, nami sichukui mtoto ambaye mzazi wake yuko chini ya B. Mbwa wa kilo 60 mwenye nyonga mbovu atakuwa kilema kabla hajaijua kazi.

Sasa jambo lenyewe. Mbwa wa kulinda mifugo hujenga undugu na mbuzi au kondoo kati ya wiki ya 3 na ya 16 hivi. Anayekulia sebuleni muda huo atawapenda watu na kuwaona mbuzi kama vitu vya kukimbiza. Na sheria za chanjo, kama utakavyoona, hazitamruhusu kupanda ndege kabla ya wiki 16. Maana yake malezi yote ya maana yatafanyika mikononi mwa mtu mwingine, ng'ambo. Kwa hiyo unaponunua mtoto wa Kangal unanunua miezi minne ya malezi. Mwambie mzalishaji waziwazi: walale na kondoo, wale pembeni ya kondoo, wasibebwe kuingizwa ndani kuchezewa na wageni. Mlipe kwa kazi hiyo, na iandikwe kwenye mkataba.

Matapeli ni wengi. Picha nzuri, bei ya chini, pesa itumwe leo. Omba simu ya video, umwone mama yake, uwaone watoto wakiwa zizini, na baadaye uione chipu, kile kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, ikisomwa kwa mashine mbele yako. Anayekataa, achana naye.

Hatua ya 3: Chora kalenda kabla ya kulipa chochote

Tafuta karatasi kubwa na uhesabu kuanzia siku ya kuzaliwa.

Wiki ya 6 hadi 8 zinaanza chanjo za distempa, parvo na homa ya ini, kisha zinarudiwa. Wiki ya 12 anawekewa chipu, halafu, baada ya chipu kusomwa, anachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mpangilio huo haugeuzwi. Chipu iwe ya viwango vya ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15. Baada ya chanjo, vibali vyangu vilitaka zipite siku 30 kamili kabla ya safari. Hapo tayari mtoto yuko wiki ya 16 na ushee. Weka ndege wiki ya 17.

Kwa dume langu wa kwanza, Jabali, kliniki moja ya huko ilichoma chanjo kwanza na chipu ikafuata siku sita baadaye. Chanjo ambayo haikufungwa kwenye namba ya chipu haina thamani kwenye karatasi, kwani hakuna wa kuthibitisha ni mbwa gani aliyechomwa. Ikarudiwa, na siku 30 zikaanza upya. Nilipoteza nauli niliyokwisha kulipia, lakini Jabali hakupoteza kitu, kwa sababu siku zote hizo alikuwa amelala na kondoo. Angekuwa anasubiri kwenye banda la mjini, ningeletewa mbwa mwingine kabisa.

Hatua ya 4: Kibali

Kibali cha kuingiza mnyama hutolewa na Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa wizara, MIMIS. Kiombe mtoto wa mbwa akiwa na wiki 9 au 10. Ukikipata, kisome mstari kwa mstari, kwa kuwa masharti ya chanjo, vipimo na dawa za minyoo yameandikwa humo, na yanategemea nchi anakotoka. Mtumie mzalishaji nakala siku hiyohiyo ili daktari wake ayafuate yaliyoandikwa badala ya kukisia. Wenzetu wa Kenya wanaomba kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo wa kwao, Kabete, na Zanzibar ina mamlaka yake.

Siku chache kabla ya safari mbwa hupimwa na kupewa cheti cha afya. Cheti hicho lazima kigongwe muhuri na daktari wa serikali wa nchi anakotoka. Uholanzi ni mamlaka ya NVWA, Marekani ni USDA. Saini ya daktari binafsi peke yake itamkwamisha mbwa uwanjani.

Hatua ya 5: Kreti na nauli

Kreti ni sanduku analosafiria mbwa, na kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zina hesabu yake. Pima mbwa akiwa amesimama: A ni kutoka pua hadi mzizi wa mkia, B ni kutoka chini hadi kiwiko, C ni upana wa mabega, D ni kutoka chini hadi juu ya kichwa au masikio, kipi kiko juu. Urefu wa ndani wa kreti ni A kujumlisha nusu ya B. Upana ni C mara mbili. Kimo ni D pamoja na unene wa matandiko. Zuri, jike wangu, alikuwa na A 85, B 38, C 26 na D 72. Kreti ikatakiwa isipungue urefu wa sentimita 104, upana 52 na kimo 77.

Pima tena wiki moja kabla ya safari. Watoto hawa wanakua kama migomba wakati wa mvua.

Wengi hushtuka kwenye nauli. Mashirika ya ndege hutoza kwa ujazo pale unapozidi uzito halisi: zidisha urefu, upana na kimo cha nje kwa sentimita, kisha gawanya kwa 6000. Kreti kubwa ya plastiki ya 122 kwa 81 kwa 89 inatoa karibu kilo 147, hata kama aliyemo ana kilo 30. Na ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya jumla ya bei ya mbwa, bima na nauli hiyo. Kwa hiyo usipange bajeti kwa bei ya mbwa. Mara nyingi hiyo ndiyo sehemu ndogo.

Chagua ndege isiyobadilishwa njiani. KLM inatoka Amsterdam na kutua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ndiyo sababu mojawapo iliyonipeleka Uholanzi. Vyombo vya maji na chakula vifungwe mlangoni ili vijazwe kutoka nje. Dawa ya usingizi hapana, kabisa: hushusha presha na kuvuruga pumzi, na angani hakuna wa kumhudumia. Badala yake mzoeshe kreti wiki tatu, awe anakula na kulala humo.

Hatua ya 6: Kumpokea KIA

Wakala wa forodha awe na nakala za kila kitu siku tatu kabla, na daktari wa mifugo wa kituo cha ukaguzi uwanjani aarifiwe saa ya kutua. Ndege ikishuka usiku wa Ijumaa bila kumwarifu mtu, unayeteseka si wewe, ni mnyama ndani ya kreti. Nenda na maji, mnyororo imara, mkanda wa shingo, na mashine ya kusomea chipu kama unaweza kuiazima.

Hatua ya 7: Miezi mitatu ya kwanza, kupe na mbung'o

Hapa ndipo nilipompoteza Zuri, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Mbwa wetu wa kienyeji wamekulia kati ya vijidudu vya kupe na wamejenga kinga. Wa Ulaya hana kinga hiyo. Haya ni magonjwa ya kupe: babesia inaweza kumuua ndani ya siku chache, ehrlichia humla polepole. Anza dawa ya kupe kabla hajapanda ndege. Vidonge vya fluralana hufanya kazi wiki 12, hivyo anatua akiwa tayari amelindwa. Kila jioni mkague kwa vidole masikioni, kwapani na kati ya kucha.

Mbung'o ni hatari nyingine, na vidonge vya kupe havimzuii kuuma. Wiki ya tisa baada ya kufika, Zuri alipunguza kula. Nikadhani ni joto. Siku ya tatu macho yake yakawa na ukungu wa bluu, uso ukavimba. Nilipompeleka kupimwa damu, vimelea vya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, walikuwa wamejaa kwenye slaidi, na daktari alipojaribu kumtibu mwili ulikuwa umeshachoka. Alikufa alfajiri. Ole Koipa, mzee anayenichungia, alikaa naye usiku ule wote, na asubuhi aliniambia, "Mwanangu, macho yale ungeniita mimi siku ya kwanza, ningekwambia." Alikuwa sahihi.

Sasa nafanya hivi. Damu inaangaliwa kwa hadubini kila wiki kwa wiki 12 za kwanza, hata mbwa akiwa mzima. Homa yoyote ni safari ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa ya diminazene inatibu, lakini kwa mbwa kipimo kikizidi kidogo huharibu ubongo, kwa hiyo apimwe uzito kwenye mizani na achomwe na daktari, asichomwe na mtu anayekisia kama kwa ng'ombe. Ng'ombe wangu wanapakwa dawa ya deltamethrini ambayo huua mbung'o wanaokuja kuwauma. Turubai la bluu nimeliondoa karibu na zizi, kwani bluu na nyeusi huwavuta mbung'o. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo.

Chanja pia mbwa wote wa boma na wa majirani, kichaa na distempa. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi hivyo vinahusishwa na mbwa wa vijijini. Mgeni wako asiugue kwao, na wao wasiugue kwake.

Chakula kifupi tu: usimwongezee madini ya chokaa, mifupa ya mbwa mkubwa inatakiwa ikue taratibu. Na unga wenye ukungu usimpe, sumukuvu inaua mbwa kama inavyoua watu.

Hatua ya 8: Zizini

Usiku wa kwanza alale kwenye uzio mdogo ndani ya zizi, akiwaona mbuzi na kuwanusa. Baada ya siku kumi mwingize pamoja na mbuzi wakubwa wenye pembe, wanaojua kujitetea. Vitoto vya mbuzi visubiri. Akikimbiza, mkemee papo hapo na umtoe. Akilala kati yao, mwache, usimwite kumpapasa. Mlishe hapohapo, na mchungaji ndiye amlishe.

Mwenyekiti wa kijiji na majirani wamwone mapema, na watoto wa shule wajue njia isiyopita karibu na zizi usiku.

Mwaka wa kwanza ataonekana mkubwa, lakini bado ni mtoto. Usimwachie kundi peke yake kabla ya miezi 18. Jabali alifikisha miezi 20 ndipo Ole Koipa alipoacha kulala nje ya zizi.