Kulinganisha viwango vya saratani vya kaunti za Iowa: namna ya kusoma jedwali na kuandika ombi la takwimu

Iowa ina kaunti 99, na katika miaka ya hivi karibuni jimbo hili limekuwa la pili Marekani kwa kiwango cha visa vipya vya saratani, nyuma ya Kentucky. Ndiyo maana kila tukikutana Waswahili wa Des Moines, Cedar Rapids au Iowa City, iwe msibani au baada ya ibada, swali ni hilo hilo: je, kaunti yetu imezidi? Takwimu zipo, ziko wazi kwa kila mtu, na hazilipiwi. Ila jedwali lenyewe humpotosha haraka asiyelizoea, na ombi lisiloandikwa vizuri halifiki popote. Barua ya kikundi chetu ilikaa miezi kwenye ofisi moja ya afya ya kaunti, ikarudi na sentensi moja tu: fafanueni ombi lenu. Tufafanue nini, hakuna aliyetuambia. Miezi hiyo ilituuma, kwa sababu tulikuwa na wagonjwa majumbani wakati barua imelala mezani kwa mtu. Naandika ili ya kwenu isilale.

Kufungua tovuti na kubonyeza mnajua, nitapita hapo haraka. Nenda State Cancer Profiles, inayoendeshwa kwa pamoja na Taasisi ya Taifa ya Saratani na CDC, kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa. Chagua jedwali la visa vipya, siyo la vifo, kisha Iowa, kisha kaunti. Utaulizwa aina ya saratani, jinsia, rangi ya watu, umri na hatua ya ugonjwa. Piga picha ya skrini yenye machaguo yako kabla hujaendelea, maana wiki mbili baadaye hutakumbuka kama ile nambari ilikuwa ya wanaume au ya wote, na ukiulizwa kikaoni ukasita, wamekushinda. Ukichagua saratani zote kwa pamoja, fahamu kwamba zile saratani za ngozi za kawaida zinazotolewa kwa upasuaji mdogo hazimo, lakini melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi, imo. Pakua faili, ifungue kwenye Excel, na usifute yale maelezo yaliyo juu na chini ya jedwali. Humo ndimo ilimoandikwa miaka iliyohesabiwa.

Sasa tukae kwenye jedwali.

Safu ya kwanza ya kutazama ni kiwango kwa kila watu 100,000. Kiwango hicho kimesawazishwa kwa umri, kwa kutumia mchanganyiko wa umri wa Wamarekani wa mwaka 2000 kama kipimo kimoja kwa kaunti zote. Hilo si jambo dogo. Kaunti ya Johnson ina Chuo Kikuu cha Iowa na maelfu ya vijana. Ukigawanya tu visa kwa watu, Johnson itang'ara. Kaunti ya shambani ambayo vijana wamehama wakabaki wazee itaonekana mbaya, hata kama mzee wa huku na mzee wa kule wana hatari ile ile. Kwa hiyo ukikuta gazeti au mtu wa Facebook amechukua idadi ya wagonjwa akaigawa kwa idadi ya wakazi, nambari yake usiiweke kwenye jedwali moja na hizi.

Kisha tazama nambari mbili zilizo kwenye mabano kando ya kiwango. Hapa ndipo penye kazi yote, na kama una muda wa kusoma jambo moja tu kwenye jedwali, soma hili. Kiwango ni makadirio. Nambari hizo mbili zinaonyesha wigo ambamo kiwango halisi kinaweza kuwa, wa chini na wa juu. Chukua mfano wa kukadiria. Kaunti ina watu 9,000, na kwa miaka mitano imepata wagonjwa 20 wa saratani fulani. Hiyo ni 44 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Lakini kwa wagonjwa 20, bahati peke yake inaweza kuipeleka idadi kuanzia 12 hadi 31 hivi, yaani kiwango cha kuanzia 27 hadi 69. Peleka kiwango kile kile cha 44 kwenye kaunti yenye watu 500,000, ukubwa wa Polk kwa karibu: wigo unabana, unakuwa kama 42 hadi 47. Kiwango kimoja, kaunti mbili, na uhakika tofauti kabisa.

Jedwali hupanga kaunti kuanzia yenye kiwango kikubwa, na macho ya kila mtu huganda kwenye mstari wa kwanza. Kaunti ya Palo Alto, yenye watu wapatao 9,000, imeandikwa sana magazetini kwa kuwa juu kabisa katika Iowa kwa saratani zote kwa jumla. Watu wake wana haki ya kuuliza kwa nini, na wanauliza. Ila wewe unayelinganisha usichukue nafasi ya kwanza, ya tisa au ya arobaini kama hukumu. Kuna safu inayoonyesha nafasi pamoja na wigo wake, na kwa kaunti ndogo utaona nafasi inayoweza kuwa ya tatu ikaweza pia kuwa ya themanini. Namna salama ni hii: weka wigo wa kaunti yako kando ya wigo wa jimbo. Kama wa kwenu uko juu wote, chini yake haugusi juu ya jimbo, hapo una neno la kusema mbele ya bodi. Kama zinapishana, bado unaweza kuuliza, lakini usiandike kwamba kaunti imezidi.

Utakutana pia na alama ya nyota mahali pa nambari. Maana yake wagonjwa walikuwa chini ya 16 katika kundi hilo, na takwimu zimefichwa ili kulinda siri za watu na kwa sababu kiwango kingeyumba mno. Haimaanishi sifuri. Nimesikia mtu mzima akisimama kusema kaunti fulani haina saratani ya ini kwa sababu ya nyota hiyo, na ukumbi mzima ukaafiki.

Kwa sisi wahamiaji nyota hiyo ina uzito zaidi. Ukichagua watu weusi peke yao katika kaunti nyingi za Iowa, karibu jedwali lote ni nyota. Hata pale panapoonekana nambari, Mkongo, Mrundi, Msudani na Mmarekani mweusi aliyezaliwa Waterloo wamewekwa kundi moja. Saratani zinazotusumbua wengi tuliotoka Afrika, kama ya ini inayofuata homa ya ini aina ya B na ya shingo ya kizazi inayofuata virusi vya HPV, zinaweza kumezwa humo zisionekane. Mahali pa kuzaliwa huandikwa kwenye rejista za saratani pale hospitali ilipokuandika, na mara nyingi haikuandika. Kwa hiyo ukienda kliniki ukaulizwa ulizaliwa wapi, jibu, na usiposikia swali hilo, waombe waandike.

Mwelekeo

Safu ya mwelekeo inasema kiwango kinapanda, kinashuka au kimetulia. Neno kupanda au kushuka huwekwa tu pale ambapo wigo wa mabadiliko ya mwaka hadi mwaka uko wote upande mmoja wa sifuri. Kaunti ndogo huandikiwa kutulia kwa sababu wagonjwa wake ni wachache mno kuonyesha kitu, siyo lazima kwa sababu hali ni shwari. Soma asilimia yenyewe na mabano yake. Asilimia 2 kwa mwaka yenye wigo kutoka kasoro 3 (yaani 3 chini ya sifuri) hadi 7 haijakuambia lolote. Asilimia 2 yenye wigo wa 1 hadi 3 imekuambia mengi.

Mwaka 2020 uuangalie kwa macho mawili. Kliniki zilifungwa, vipimo vya matiti na vya utumbo mpana vikaahirishwa, na visa vilivyogunduliwa vikapungua kila mahali. Saratani hazikupungua. Ukilinganisha miaka mitano iliyo na 2020 ndani na mitano isiyo nayo, sehemu ya tofauti utakayoiona ni ya milango iliyofungwa. Dawa yake ni kulinganisha kaunti na jimbo kwa miaka ile ile. Na kiwango cha tezi dume au cha matiti kinaweza kupanda kwa sababu watu wengi zaidi wamepimwa. Kabla ya kulia, fungua jedwali la waliogunduliwa katika hatua za mwisho na jedwali la vifo: kama visa vinapanda na vifo vinashuka, huenda unaona vipimo vinavyofanya kazi yake.

Mambo mawili huulizwa kila kikao. Mgonjwa anahesabiwa kaunti aliyokuwa akiishi siku alipogunduliwa, siyo alikotibiwa wala alikokulia. Mtu wa Ottumwa aliyetibiwa Iowa City anahesabiwa Wapello. Na takwimu huchelewa karibu miaka miwili kabla ya kuwasilishwa, kwa sababu rejista husubiri taarifa za hospitali zote na kuondoa majina yaliyojirudia. Majirani wanne waliogunduliwa mwaka huu hutawaona kwenye jedwali hili, kwa hiyo usilitumie kuwakanusha wanaolia.

Ombi lenyewe

Jedwali likishindwa kujibu, andika kwa Rejista ya Saratani ya Iowa, iliyo Chuo Kikuu cha Iowa na inayokusanya taarifa za jimbo zima tangu 1973. Takwimu za jumla, zisizo na mtu mmoja mmoja, huombwa na yeyote. Taarifa za mgonjwa mmoja mmoja ni za watafiti walioidhinishwa na kamati ya maadili; hizo usiziombe, zitakupotezea muda.

Ombi linalorudishwa ni lile linalosema "tunataka takwimu za saratani za kaunti yetu". Linalojibiwa lina vitu sita: saratani ipi, eneo lipi, miaka ipi, nani, kipimo kipi, na kwa nini. Letu la pili lilisomeka hivi:

"Tunaomba idadi ya visa vipya na kiwango kilichosawazishwa kwa umri, pamoja na wigo wake, kwa saratani ya mapafu, wanaume na wanawake kila mmoja peke yake, katika kaunti za Linn na Johnson na jimbo lote, kwa miaka 2012 hadi 2016 na 2017 hadi 2021, na mgawanyo wa hatua ya ugonjwa ulipogunduliwa. Panapokuwa na visa vichache, tunaomba miaka au kaunti jirani ziunganishwe badala ya kufichwa. Takwimu zitatumika kuomba vipimo vya radoni majumbani."

Sentensi ya kuunganisha ndiyo iliyotusaidia kuliko zote. Ukikaa kimya, utaletewa nyota tena. Ukiiomba, mtu wa takwimu anajua uko tayari kupokea kaunti tatu kwa pamoja au miaka kumi badala ya mitano. Kwa jamii yetu, omba jimbo zima na saratani chache zilizotajwa kwa majina. Sababu ya kutaja radoni, gesi isiyoonekana inayotoka ardhini na kuingia majumbani, tuliieleza kwa mstari mmoja: kaunti zote 99 za Iowa ziko kwenye daraja la juu kabisa la hatari ya radoni kwa ramani ya EPA, shirika la serikali kuu la mazingira, na gesi hiyo ni sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Wengi wetu tumepanga, na mwenye nyumba hapimi asipoombwa.

Kama hofu yenu ni mtaa mmoja au sehemu moja ya kazi, hilo ni ombi la aina nyingine, na linaanzia idara ya afya. Mwongozo wa CDC wa 2022 unawataka wapokee hofu ya jamii na kuichunguza kwa hatua. Wapelekee aina za saratani, umri wa wagonjwa, mwaka kila mmoja alipogunduliwa, na muda walioishi hapo. Majina ya wagonjwa usiyaandike bila ruhusa ya wenyewe. Saratani za aina moja, au zenye chanzo kinachofanana, zina nguvu kuliko orodha ya aina kumi zilizochanganywa. Anayehitaji mkalimani wa Kiswahili aombe mapema kwa maandishi: ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa bila malipo, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Usikubali mtoto wako wa shule akutafsirie neno kama hilo.

Jibu la ombi la aina hii mara nyingi huja kama uwiano: wagonjwa waliopatikana gawanya kwa waliotarajiwa. Wakipatikana 12 pale palipotarajiwa 8, uwiano ni 1.5, na ukiutazama peke yake utaona nusu nzima imezidi. Uliza wigo wake. Kwa 12 juu ya 8 ni kama 0.8 hadi 2.6, na kwa kuwa 1 imo ndani, watawaambia haijathibitika. Hapo uliza maswali matatu kabla hujakata simu: matarajio yalihesabiwa kwa kulinganisha na jimbo au na taifa, miaka ipi haijaingia, na itaingia lini. Andika tarehe watakayotaja, kisha ikifika tuma ombi lile lile kwa maneno yale yale, ili majibu mawili yalinganishike.