Tazama wateja wanachofanya bila kuambiwa

Una wazo jipya, kazini kwenye kampuni kubwa au kwenye biashara yako changa? Lijaribu kwa watu wachache, halafu angalia wanalitumiaje kinyume na ulivyopanga. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo iliwekwa kando, ikanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Kuuliza "umeipenda?" hakusaidii sana, watu wetu wana adabu, watakwambia ndiyo. Pekua miamala, tafuta ile inayokushangaza, kisha mpigie aliyeifanya umuulize alikuwa na shida gani siku hiyo.