Somo: Isome bahari kabla hujakata tiketi ya boti

Wengi hukata tiketi kwa kuangalia bei na saa ya kuondoka tu. Bahari nayo ina ratiba yake, na ukiijua unaweza kumvusha bibi yako mzee bila kumtesa. Nitatumia njia ya Dar–Unguja, kilomita sabini na ushee, ambayo boti ya kasi huichukua kwa karibu saa mbili.

Hatua ya 1: Jua ni msimu wa upepo gani. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili au Mei hadi Oktoba, na hushika nguvu Juni na Julai. Katikati yake kuna maleleji, upepo haujatulia upande mmoja, na mara nyingi bahari huwa shwari.

Hatua ya 2: Linganisha upepo na unakoelekea. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kutoka Dar kwenda Unguja chombo huelekea kaskazini. Kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo ukienda unakusukuma kutoka tezi (nyuma ya chombo), na ukirudi unaupokea omoni (mbele): boti inapanda wimbi, inaangukia bondeni kwa kishindo, maji yanaruka mpaka madirishani. Upepo ni ule ule, siku ni ile ile, safari ni mbili tofauti. Msidanganyike lakini kwamba wimbi la nyuma ni la raha. Halina kishindo, ila linaisukuma tezi pembeni na kuirudisha, na mwendo huo wa mzunguko unatapisha watu. Pagumu zaidi ni katikati ya njia, pasipo na kisiwa upande wa mashariki. Ukikaribia mji, ardhi ya Unguja inaanza kukinga.

Kaskazi ina shida yake. Mkondo wa pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, basi upepo huo unaukabili. Upepo na mkondo vikigongana, mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, yanafuatana upesi. Hayo huchosha kuliko wimbi kubwa lililo refu.

Hatua ya 3: Tazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye, ni bamvua: Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mikondo huenda kasi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mikondo hupoa.

Hatua ya 4: Soma utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 ni kiwango cha kutolewa angalizo. Mita 2 hizo ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili yake.

Hatua ya 5: Chukua boti ya asubuhi, kwa kuwa upepo huongezeka mchana. Kaa sitaha ya chini, katikati, kuelekea nyuma. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika umechelewa.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Julai namleta mama kutoka Mkoani, Pemba, kwenda Unguja. Tutarajie nini?
Marahaba. Kati ya Pemba na Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, pako wazi kwa bahari kuu, na kusi itawapiga ubavuni, upande wa kushoto. Chombo kitalala huku na huku. Mkishapita Nungwi, Unguja inawakinga. Mama asikae kiti cha pembeni, na asisafiri na njaa.

Kwa nini wanaahirisha safari wakati hapa Malindi, bandarini mjini Unguja, jua kali na maji yametulia?
Malindi iko upande wa magharibi wa kisiwa, imekingwa. Nahodha anaangalia kule nje. Tafadhalini sana, msimshinikize nahodha. Mv Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kusi ikivuma kwa nguvu. Mwaka mmoja nyuma, Septemba 2011, Mv Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaza kupita uwezo wake. Bahari iliyochafuka na chombo kilichojaa kupita kiasi havikutani salama. Ukiona watu bado wanapandishwa na nafasi hakuna, shuka, hata kama nauli imekwenda.

Mimi ni wa Kigamboni, navuka kwa pantoni kila siku. Haya yananihusu?
Mawimbi kidogo tu, maana mko mlangoni mwa bandari. Kinachowahusu ni mkondo. Maji yote ya bandari huingia na kutoka kwenye mlango ule mwembamba, na kasi yake huwa kubwa zaidi katikati ya kujaa na kupwa, hasa bamvua. Likoni, Mombasa, ni hivyo hivyo. Maji yakipwa sana, mteremko wa kupandia pia huwa mkali, kwa hiyo mwenye bajaji au mkokoteni asubiri aliye mbele yake amalize kupanda pantoni kabla hajaanza kushuka mteremko.