Somo: Timu yako ya Kifini imeshuka daraja, unaanzia wapi?

Wadau, wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu Revontuli, timu yangu ya kubuni ya Ufini kwenye Pro Cycling Manager, mchezo wa kompyuta wa kusimamia timu za mbio za baiskeli. Jina hilo kwa Kifini ni ile mianga ya rangi inayocheza angani kaskazini nyakati za usiku. Nilianza nayo daraja la tatu, nikaipandisha hadi WorldTour, daraja la juu kabisa, ikakaa huko misimu mitatu, kisha ikashuka. Leseni za WorldTour ni 18, mimi nilimaliza wa 20 kwa pointi. Usiku ule nilikaribia kufuta kila kitu nianze upya. Nashukuru sikufuta, kwa sababu msimu uliofuata ndio ulionifundisha mchezo huu.

Hatua ya 1: Tafuta kilichokushusha

Usiuze mtu yeyote kwanza. Fungua matokeo ya msimu mzima, chukua karatasi, andika kila pointi imetoka kwa nani na kwenye mbio gani. Kazi hii ilinichukua jioni nzima na iliniuma, maana niligundua kwamba karibu nusu ya mishahara ilikuwa inaenda kwa mpandaji milima mmoja. Mipango yote ilimzunguka yeye na Tour de France. Akaanguka kwenye hatua ya 9, yaani kipande cha tisa cha mbio zile, akarudi nyumbani, na waendeshaji saba niliowachagua kwa ajili ya kumsaidia yeye wakabaki barabarani bila kazi.

Jambo hili limewahi kutokea kwenye mbio za kweli, na Mfini alikuwepo. Mwaka 2022 meneja mkuu wa Israel-Premier Tech alikuwa Kjell Carlström, mwendesha baiskeli wa zamani kutoka Ufini. Kikosini alikuwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Kwenye Tour ya mwaka huo timu ilishinda hatua mbili: Simon Clarke kwenye barabara za mawe za kuelekea Arenberg, na Hugo Houle huko Foix. Mwisho wa mwaka wakashuka daraja pamoja na Lotto, timu ya Ubelgiji.

Iliwezekanaje? Angalieni hesabu. Wakati huo ushindi wa hatua ya Tour ulikuwa na pointi 120, na ushindi wa mbio ndogo ya siku moja ya ngazi ya 1.1 ulikuwa na pointi 125. Tangu 2023 hatua ya Tour imepandishwa hadi 210, lakini tazama tena: ukiweka watu watatu nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwenye 1.1 moja, unapata 125, 85 na 70. Jumla 280, kwa kazi ya siku moja, bila kuvuka mlima hata mmoja. Mtu akielewa hesabu hii, somo lililobaki ni utekelezaji tu. Kagua jedwali la pointi la toleo unalocheza, kisha panga msimu wako kwa kulifuata.

Hatua ya 2: Waache waondoke wanaotaka kuondoka

Bajeti itapungua, na nyota wako watataka timu kubwa. Usihangaike kuwabembeleza. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Mpandaji wangu alipoondoka, mshahara wake ulinipa waendeshaji watano wa kiwango cha kati, na watano hao kwa pamoja walileta pointi zaidi ya mara mbili ya alizoleta yeye.

Sheria nayo inakubeba. Timu ya WorldTour inatakiwa kuwa na waendeshaji wasiopungua 27, lakini ProTeam, yaani timu ya daraja la pili, inaruhusiwa hata 20. Mimi nilibaki na 22. Kikosi kidogo maana yake kila mtu anakimbia, na vijana wanakua kwa kukimbia.

Ila kuna kundi moja la kulinda kwa nguvu zote: Wafini wako. Sizungumzii mapenzi peke yake, ingawa mapenzi yapo. Kila Juni kuna ubingwa wa taifa, na ubingwa wa taifa una pointi. Ufini haina waendeshaji wengi wa kulipwa. Ukiwa na sita au saba walio bora, siku ya ubingwa unakimbia karibu peke yako. Mimi nilishika nafasi nne za juu mbio za barabarani, na mbili za juu mbio dhidi ya saa. Timu ya Kifaransa au ya Kiitaliano haiwezi kuota jambo kama hilo nyumbani kwake.

Hatua ya 3: Sajili kwa kufuata ardhi

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapoharibu.

Kilele cha juu kabisa cha Ufini, Halti, kina mita 1,324, na kiko ukingoni kabisa mpakani na Norwei. Sehemu kubwa ya nchi ni maziwa, misitu na vilima vifupi. Wakati wa Olimpiki ya Helsinki ya 1952 mbio za barabarani zilikimbiwa kwa kuzunguka mara nyingi njia ya kilomita 11.2, jumla kilomita 190.4, na aliyeshinda ni Mbelgiji, André Noyelle. Hilo linakwambia ni mwendeshaji wa aina gani anayeota kwenye udongo ule: mtu wa tambarare, wa upepo, wa vilima vya kupanda kwa dakika mbili.

Kwa hiyo nilipoingia sokoni nilitazama namba nne: tambarare, barabara za mawe, stamina na ustahimilivu. Namba za mchezo huu zinafika 85, na mwenye 78 ya milima anagharimu pesa nyingi sana. Mwenye 74 ya mawe na 73 ya tambarare hutafutwa na wachache, mshahara wake ni wa kawaida, na kwenye mbio za ngazi ya 1.1 anakuwa mfalme. Sajili watatu au wanne wa aina hiyo, kisha sprinta mmoja wa kweli. Mmoja tu! Masprinta wawili kwenye timu ndogo watakula pesa na kugawana nafasi.

Timu ya kuiga ni Uno-X ya Norwei. Walialikwa Tour kwa mara ya kwanza mwaka 2023 wakiwa na Wanorwei na Wadenmaki, wakakimbia kwa kushambulia kila siku. Mwaka 2024 Jonas Abrahamsen alivaa jezi ya vidoti ya mfalme wa milima kwa siku nyingi bila kuwa mpandaji milima wa kuzaliwa, na mwaka 2025 akashinda hatua huko Toulouse. Timu ile inajijua, haijaribu kuwa kitu kingine.

Hatua ya 4: Kalenda

Weka kambi ya Januari Hispania, ndiyo. Baada ya hapo sahau majina makubwa. Machi niliipeleka timu Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa: Le Samyn, Nokere Koerse, Grand Prix de Denain. Kisha Tro-Bro Léon kule Bretagne, yenye vijia vya changarawe na vumbi. Hizi zilizo ngazi ya 1.Pro, ngazi moja juu ya 1.1, mshindi anapata pointi 200. Kiangazi nenda Arctic Race of Norway, watu wako wapo karibu na nyumbani.

Panga vilele viwili vya fomu. Kikosi cha mawe kiwe juu kabisa Machi, kingine kiwe juu Juni hadi Agosti. Usiwe na siku ambayo timu nzima imechoka pamoja. Nilifanya kosa hilo Mei, nikapita wiki tano bila pointi.

Hatua ya 5: Mdhamini

Chagua malengo unayoweza kuyatimiza. Ubingwa wa taifa, ushindi wa mbio ndogo, kijana kukuza namba zake. Imani ya mdhamini ikipanda, bajeti inafuata.

Mwisho wa msimu ule nilikuwa wa tatu kati ya ProTeam zote. Msimu huu naongoza kwa pointi 400 na kidogo. Sasa maswali yenu.

Shikamoo mwalimu. Nimeshuka, lakini mpandaji wangu wa milima ana mkataba wa miaka miwili na hakuna timu inayomtaka. Nimfanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Usimwache benchi kwa hasira. Mpeleke mbio ndogo za hatua, ngazi ya 2.1. Kule pointi za kila hatua ni chache, nyingi zipo kwenye msimamo wa mwisho, na mshindi wa jumla anapata 125. Mtu aliyekuwa wa 15 kwenye Giro, ile mbio ya wiki tatu ya Italia, anaweza kushinda mbio kama hizo tatu kwa mwaka. Mpe wasaidizi wawili tu, wengine waende kwenye kazi zao.

Kaka, ukialikwa Tour de France unaikataaje? Mimi nisingeweza.

Naelewa, hata mimi moyo ulidunda. Lakini mtazame Lotto. Walishuka mwisho wa 2022, na kwa kuwa matokeo yao ya mwaka huo yalikuwa bora kuliko ya ProTeam nyingine zote, walipata haki ya kuingia mbio zote kubwa za 2023. Giro wakaiacha wenyewe! Mbio ya wiki tatu inachukua waendeshaji wanane kwa hatua 21, na wakirudi wanahitaji wiki kadhaa za kupumzika. Ukiwa na watu 22, hiyo ni theluthi ya timu. Kubali mwaliko kama una mtu wa kushinda hatua. Kama huna, nenda ukachume pointi Ubelgiji.

Nipo Kigali. Mbona hujataja Tour du Rwanda? Ipo kwenye ngazi ya 2.1, au timu za theluji zinaogopa jua letu?

Ndugu yangu, umenikumbusha jambo zuri. Tour du Rwanda ipo ngazi hiyo tangu 2019, na inakimbiwa wakati Ufini bado imefunikwa na theluji. Lakini usipeleke watu wa mawe wa tambarare. Kigali upo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko Halti, na baada ya kuona dunia nzima ikihangaika kwenye vilima vyenu kwenye ubingwa wa dunia wa Septemba 2025 nadhani hakuna anayebisha. Mimi nilipeleka vijana watano wenye namba nzuri za vilima pamoja na kurejesha nguvu. Mmoja alimaliza wa sita. Mwakani yule mpandaji wa mdogo wangu hapo juu ningempeleka huko huko.

Mkuu, sprinta wangu ana 77 lakini kila siku anakuwa wa tano, wa sita. Tatizo nini?

Tazama mambo mawili. Kwanza, namba ya mwongezo wa kasi. Mwenye sprinti 77 na mwongezo 69 anachelewa kufika kasi yake, mstari unaisha kabla yake. Huyo mwanzishe mapema. Pili, anafika kilomita ya mwisho akiwa na nguvu kiasi gani? Ukimwacha apambane mwenyewe kutafuta nafasi, anachoka. Mweke nyuma ya watu wawili wenye tambarare kubwa kuanzia kilomita 8 za mwisho, waongoze kwa zamu, na wa mwisho kati yao awe na mwongezo wa kasi mzuri. Fanya hivyo kwenye mbio tatu kisha njoo utuambie.

Dada yako hapa. Kwa nini Ufini lakini? Wana historia yoyote kwenye baiskeli?

Wanayo, dada yangu, ni ndogo lakini inapendeza. Jussi Veikkanen alivaa jezi ya vidoti Tour ya 2009. Carlström alishinda hatua ya Paris–Nice 2008. Jaakko Hänninen alichukua shaba ya dunia ya vijana chini ya miaka 23 huko Innsbruck mwaka 2018. Na aliye juu yao wote kwangu ni mwanamke: Lotta Henttala, wakati huo akiitwa Lepistö, alishinda Gent–Wevelgem na Dwars door Vlaanderen mwaka mmoja, 2017. Zote ni mbio za Ubelgiji, za upepo na mawe. Niliposoma habari zake ndipo nilipopata wazo la kuijenga Revontuli upya kwa namna niliyoieleza hapa.