Namna ya kumkinga mtoto na virusi vya rota zizi linapokuwa karibu na nyumba

Virusi vya rota huharisha watoto wadogo, ndama, wana-kondoo na watoto wa nguruwe kwa njia moja. Huharibu ukuta wa utumbo mwembamba, maji na chumvi zikapotea haraka kuliko mwili unavyoweza kuzirudisha. Watoto wengi huambukizwa na watoto wenzao, si na mifugo, kwa hiyo usiondoe mifugo kwa hofu. Lakini pale ambapo mtoto anatambaa hatua chache kutoka kwa ndama anayehara, kuna kazi ya kufanya, na mimi kama mtu wa mifugo ningeifanya kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Elewa njia ya virusi

Njia ni kinyesi, kisha mkono, kisha mdomo. Gramu moja ya kinyesi cha mgonjwa inaweza kubeba mabilioni ya virusi, na chini ya 100 vinatosha kumwambukiza mtoto. Hudumu wiki nyingi, hata miezi, kwenye samadi na sehemu zenye unyevu. Ng'ombe mkubwa naye anaweza kuvitoa bila dalili yoyote, kwa hiyo usimwamini mnyama kwa kuwa tu anaonekana mzima.

Mara nyingi virusi vya ng'ombe havistawi vizuri ndani ya binadamu. Hata hivyo, vinasaba vya rota vimegawanyika vipande 11, na seli moja ikiingiwa na virusi vya aina mbili, vipande vinaweza kuchanganyika na kuzaa aina mpya. Aina ya G8, inayojulikana kwa ng'ombe, imekwisha kupatikana kwa watoto. Hiyo ndiyo sababu ukaribu huu unanishughulisha.

Hatua ya 2: Weka mpaka

Hapa ndipo pa kutumia nguvu nyingi. Mtoto awe na eneo lake la kutambaa ambalo halipitiwi na kuku, mbuzi wala mabuti ya zizini. Uzio mfupi unatosha. Mabuti na nguo za kazi zibaki nje ya mlango. Maji ya kuoshea banda yasielekee kisimani wala uani.

Watoto wakubwa kidogo hupenda kumpa ndama vidole avinyonye. Wakataze kwa upole, na ndama akiwa anahara wasimkaribie kabisa. Chupa ya ndama isioshwe pamoja na vyombo vya mtoto.

Hatua ya 3: Mpe ndama dang'a mapema

Kumlinda ndama ni kumlinda mtoto pia, maana ndama asiyehara hamwagi virusi vingi. Ndama huzaliwa karibu bila kinga. Anaipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Ndama wa ng'ombe wa maziwa apewe lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za mwanzo, kwani utumbo hupoteza upesi uwezo wa kufyonza kinga hiyo. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya ng'ombe mwenye mimba, inayoongeza kinga dhidi ya rota ndani ya dang'a.

Hatua ya 4: Panga zamu za kazi

Anza na wanyama wazima, malizia na wagonjwa. Anayemlisha mtoto asiwe ndiye anayehudumia ndama mgonjwa; ikishindikana, amhudumie mtoto kwanza. Kisha mikono: sabuni haiui virusi hivi kwa urahisi, ila kusugua vizuri na maji yanayotiririka huviondoa.

Hatua ya 5: Ondoa uchafu, ndipo utie dawa

Klorini iliyomwagwa juu ya samadi hupotea bure. Kwangua na uoshe kwanza. Ikiwa dawa yako ina klorini asilimia 5, changanya sehemu 1 na sehemu 9 za maji, paka, uache dakika 10. Usiichanganye na dawa nyingine.

Hatua ya 6: Chanjo ya mtoto

Shirika la Afya Duniani limependekeza chanjo ya rota kwa nchi zote tangu 2009. Ni ya matone ya mdomoni, na huanza mtoto akiwa na wiki 6. RotaTeq, mojawapo ya chanjo za rota, ilitengenezwa kwa kutumia virusi vya ng'ombe, kwa hiyo undugu huohuo wa virusi vya ng'ombe na vya binadamu umetupatia pia silaha. Usiikose.

Hatua ya 7: Mtoto akianza kuhara

Antibiotiki haitibu rota. Aliye chini ya miaka 2 mpe ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee polepole. Aendelee kunyonya. Ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6, kwa siku 10 hadi 14.

Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na macho yaliyozama, utosi uliobonyea, akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu. Ukifika, mwambie mhudumu kwamba nyumbani kuna ndama wanaohara. Si rota peke yake inayovuka. Zipo aina za bakteria wa E. coli na vimelea vya kriptosporidia ambavyo pia hutoka kwa ndama, na taarifa hiyo inaweza kubadili vipimo atakavyoagiza.